Maji ya Aprili na Maji ya Oktoba

Abiria wa mabasi ya Mbeya wanaijua Ruaha Mbuyuni kwa vitunguu. Basi likisimama, madirisha yanajaa mikono na vikapu, na bei haijaafikiwa vizuri dereva kashaondoa gari. Wachache wanaotazama upande wa pili huona mto. Hata ukipita Oktoba, nchi nzima imegeuka kahawia na mibuyu imesimama mitupu, mto ule una maji. Siyo mengi ya kutisha, ila yanakwenda. Abiria anarudi kwenye simu yake na amani moyoni: Ruaha Mkuu upo, unatiririka.

Sasa ufuate mto huohuo kuelekea unakotoka. Pita Bwawa la Mtera, ingia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mwezi uleule, mto uleule, unaweza kukuta mchanga mtupu. Viboko wamebanana kwenye madimbwi yaliyobaki, na tembo wanachimba mchanga kutafuta maji yaliyojificha chini. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika ndani ya hifadhi karibu kila kiangazi, mwaka mwingine kwa wiki kadhaa, mwaka mwingine kwa miezi. Kumbe yale maji ya Mbuyuni si ya Oktoba. Sehemu kubwa ni maji ya masika yaliyowekwa akiba Mtera na kufunguliwa kidogo kidogo ili yakazungushe mitambo ya Kidatu. Yalikuwa mvua ya Februari au Machi, pengine ya mwaka juzi, yakalala bwawani, na sasa yanapita chini ya daraja kama vile yamenyesha jana.

Nimepita njia hiyo mara nyingi, kwa sababu mjomba wangu analima mpunga Rujewa. Mimi ni mtu wa vitabu, na sisi watu wa vitabu tumeuchakaza mto kwa kuufanya mfano wa wakati: unapita, haurudi, basi. Mfano huo hauna kosa, ila ni mwembamba. Ukikaa na watu wanaoishi kwa maji unajifunza kwamba chini ya daraja moja, kwa sekunde moja, yanapita maji ya umri tofauti. Kuna ya jana usiku, kuna ya mwezi uliopita, kuna yaliyokaa ardhini miaka. Asiyeweza kuyatenganisha hawezi kujua mto wake unaugua nini, na akitafuta wa kulaumiwa anaweza kumkamata asiyehusika. Usangu tuliona jambo kama hilo.

Tuanze juu. Mvua ikinyesha kwenye milima ya Uporoto na Kipengere, kila tone lina njia kadhaa mbele yake. Linaweza kunasa kwenye jani na kurudi hewani kabla halijagusa chini. Linaweza kuingia ardhini likanywewa na mizizi. Linaweza kuzama zaidi, likaungana na maji ya chini ya ardhi na kuanza safari ya polepole katika vijitundu vya udongo na nyufa za miamba, likatokea kwenye chemchemi watu walishasahau mvua ile. Au linaweza kukosa pa kuingilia, kwa sababu udongo umeshiba au umekuwa mgumu kama sakafu. Hapo linateleza juu ya ardhi pamoja na wenzake, linazoa vumbi, samadi na majani makavu, na kufika mtoni siku hiyohiyo.

Hayo ya mwisho ndiyo yanayoupandisha mto usiku mmoja na kuugeuza rangi ya chai ya maziwa. Ukichora mtiririko wa mto kwenye karatasi, siku zikienda kulia na wingi wa maji ukipanda juu, unapata umbo kama mgongo wa ng'ombe: nundu inayoinuka ghafla, kisha mteremko mrefu. Nundu ndiyo inayoingia kwenye habari. Mimi nimeupenda mteremko. Pale ndipo unapoona ardhi inavyoachia ilichonacho, kwa haraka mwanzoni, halafu kwa ubahili unaozidi kila siku, mpaka mvua nyingine ije au mto ukatike. Mto wa kiangazi wote, tangu Juni hadi Novemba, ni huo mteremko tu. Kule kwenye nyanda za juu mvua zina msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili au Mei. Baada ya hapo kila lita unayoiona inashuka kwenye korongo la Chimala au Kimani ni akiba ya zamani.

Ndiyo maana mvua ileile, milimita zilezile, haitoi mto uleule. Ile ya kwanza ya Novemba inakuta ardhi ina kiu, inanywewa hapohapo, na mto hausikii kitu. Ikirudi Machi inakuta udongo umeshiba, na sehemu kubwa inateremka. Wakulima wanalijua hili bila kuchora chochote. Mjomba akisikia ngurumo ya kwanza hakimbilii shambani. Anasema ardhi lazima inywe kwanza, sisi baadaye.

Ukitaka kuona mto usio na akiba, usiende mbali, nenda Jangwani, Dar es Salaam. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, safari yake ni fupi, na sehemu kubwa ya njia yake leo ni mabati, lami na nyua zilizosakafiwa. Tone likianguka Tabata halina pa kuzama. Kwa hiyo mto unapanda ndani ya saa chache, unaingia majumbani, na mvua ikikata unashuka karibu kwa kasi ileile. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini. Msimbazi ni kama mtu asiyeweka pesa: siku ya mshahara anatisha mtaa mzima, kesho yake anakopa nauli.

Ruaha Mkuu wenyewe una akiba tatu. Ya kwanza ni udongo na miamba ya milima inakotoka mito ya Usangu isiyokatika huko juu: Ruaha wenyewe, Mbarali, Kimani, Chimala na Ndembera. Ya pili ni Ihefu, ile ardhioevu kubwa iliyoko chini kwenye tambarare, mashariki mwa Usangu. Ya tatu ni Mtera, iliyojengwa na binadamu. Kila moja inayashika maji kwa muda wake na kuyaachia kwa namna yake.

Ihefu ifikirie kama beseni pana lenye ukingo wa mwamba upande mmoja. Mwamba huo uko Ng'iriama, na ndiyo njia pekee ya kutokea. Maji yakiwa juu ya ukingo, mto unaendelea kuelekea hifadhini. Yakishuka chini ya ukingo, hata kwa kiasi kidogo, mto unakatika, ingawa nyuma yake bado kuna maji tele na matete na ndege. Hakuna aliyefunga bomba. Na wakati yamesimama pale, jua la Usangu linayanyonya mchana kutwa. Watafiti waliopiga hesabu ya beseni hili katikati ya miaka ya 2000 walikadiria kwamba ili nusu mita ya ujazo kwa sekunde itoke Ng'iriama wakati wa kiangazi, inabidi mita za ujazo 7 kwa sekunde ziingie. Zilizokuwa zikiingia miaka hiyo zilikuwa kama nusu yake.

Namba hizi hazikuanguka kutoka mbinguni. Kupima mto ni kazi ya uvumilivu. Kando ya maji husimikwa vibao vyenye mistari kama rula, na mtu wa karibu na hapo hupewa daftari asome kina asubuhi na jioni, mvua au jua. Mara kwa mara wataalamu huja na kifaa chenye pangaboi dogo, wanapima kasi ya maji sehemu mbalimbali za upana wa mto, wanazidisha na eneo la maji kwenye mkato ule, wanapata mita za ujazo kwa sekunde. Wakirudia vya kutosha, mto ukiwa chini na ukiwa umefura, wanaweza kuigeuza kila namba ya daftari kuwa mtiririko. Kituo cha Msembe, ndani ya hifadhi, kina kumbukumbu za namna hiyo tangu miaka ya 1960. Bila hizo tungebaki kubishana na wazee kama mto ulikuwa mkubwa zamani. Na wazee, kama mnavyojua, zamani kila kitu kilikuwa kikubwa.

Sasa niingie kwenye lile lililonifanya niandike. Miaka ya 1990, mji ukiwa kwenye mgao wa umeme, Mtera ilikuwa ikikaukiwa. Na miaka hiyohiyo Ruaha ukaanza kukatika hifadhini. Mambo mawili yametokea pamoja, mto ni mmoja, bwawa liko chini ya hifadhi: nani asingeyaunganisha? Hadithi ikajisuka yenyewe. Huko juu Usangu watu wamezidi, ng'ombe wamezidi, mpunga umezidi, ndiyo maana taa zinazimika Dar. Mwaka 2001 Frederick Sumaye, wakati huo akiwa Waziri Mkuu, aliahidi kwamba ifikapo 2010 Ruaha Mkuu utatiririka mwaka mzima. Ukaja ukame wa 2005 na 2006, mgao ukarudi kwa ukali, na mwaka huo wa 2006 wafugaji wakaanza kuondolewa Usangu na mifugo yao. Uhaba wa umeme ulikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa hadharani. Mwaka 2008 eneo la Usangu likaingizwa ndani ya hifadhi.

Nichukue karatasi tufanye hesabu pamoja, haihitaji usomi. Mtiririko wa mita 1 ya ujazo kwa sekunde, ukienda usiku na mchana kwa siku 180 za kiangazi, unaleta mita za ujazo milioni 15 na nusu hivi. Mtera inaweza kuhifadhi maji ya kutumika yapatayo mita za ujazo bilioni 3.2. Chukua sasa yale maji yote ya kiangazi yaliyokuwa yakiingia Ihefu, tuseme mita 3 na nusu kwa sekunde. Jifanye hakuna jua, hakuna matete, hakuna kiboko, kila tone limefika Mtera salama. Utapata kama milioni 54. Haifiki hata asilimia mbili ya bwawa.

Upande wa pili, masika, mto ukifura pale Msembe unapitisha mamia ya mita za ujazo kwa sekunde. Siku moja tu yenye mita 200 kwa sekunde inaleta zaidi ya milioni 17. Siku moja ya Aprili, mwenzangu, inaizidi nusu mwaka yenye mita moja moja.

Maana yake ni kwamba Mtera hulishwa na maji ya masika, na tena si ya Usangu peke yake, kwani Ruaha Mdogo na Kisigo nazo zinamiminika humo. Mpunga wa masika nao unakunywa sehemu yake, hilo halikatai mtu. Lakini kukatika kwa mto mwezi Oktoba hakuwezi kuwa ndiko kulikozima taa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa nje waliipitia hesabu ya bwawa ya miaka ya mwanzo ya 1990, wakaonyesha kwamba jinsi maji yalivyofunguliwa ilikuwa na uzito mkubwa katika kuishiwa kule. Ruaha ulikuwa na magonjwa mawili. Moja lilikuwa la kiangazi, juu, kwenye mifereji na Ihefu. Jingine lilikuwa la mvua za mwaka na uendeshaji wa bwawa, huko chini. Yalitibiwa kama ugonjwa mmoja, kwa dawa moja.

Hapa mtu atasema natetea wanaoharibu mto. Hapana. Ugonjwa wa kiangazi ni wa kweli, na mikono ya watu imo. Niliwahi kwenda na mjomba kwenye banio la mfereji wao. Zamani, akaniambia, walibana mto kwa magogo, mawe na nyasi. Lilikuwa banio bovu. Kila mafuriko yaliliondoa, wakajenga upya, na hata likiwa zima lilivuja, kwa hiyo wa chini daima walipata chochote. Kisha yakaja mabanio ya zege yenye lango la chuma, yakiitwa maboresho. Zege halivuji. Kiangazi, mto ukiwa mwembamba, banio zuri linaweza kuuingiza wote mferejini, na mara nyingi lango huachwa wazi hata mpunga ukiwa ulishavunwa, kwa sababu kando ya mfereji kuna watu wanaofua, wanaofyatua matofali, wanaomwagilia bustani. Juu zaidi, mabondeni, kuna vinyungu. Hakuna hata mmoja wao anayejiona anaua mto. Kila mmoja anachukua ndoo yake.

"Mjomba," nilimwambia, "kwa hiyo ninyi ndio mnaomaliza maji ya tembo?"

Hakukasirika. Sisi tunaitana mjomba kwa mjomba, na ana uvumilivu na maswali yangu ya mjini. "Mjomba, maji ya Aprili hayana mwenyewe," akasema. "Yanapita yanabomoa, kila mtu anayakimbia. Maji ya Oktoba yana majina. Hili la fulani, hili la fulani. Ukitaka kuyapeleka kwa tembo, njoo na daftari tukae, uniambie unampunguzia nani." Akanionyesha zamu za chama chao cha wamwagiliaji, nani anafungua saa ngapi, nani analala mferejini kulinda zamu yake.

Lile neno, daftari, lilinikaa. Kwa sababu ndilo lilikosekana kwenye hadithi kubwa. Hadithi kubwa ilikuwa na wahusika: mfugaji, ng'ombe, msitu unaokatwa, mji gizani. Haikuwa na miezi. Sisi wasomaji tunajua hadithi isiyo na wakati inavyoweza kumhukumu yeyote.

Hata msitu, mhusika tunayemwamini kuliko wote, anahitaji daftari. Tumelelewa tukiimbiwa kwamba miti huleta maji, na ukikata msitu mto unakauka. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa takriban miaka kumi, wanasayansi walilinganisha vidakio viwili, yaani mabonde mawili madogo yanayokusanya maji ya mvua, kwenye milima ya Mbeya. Kimoja kilikuwa na msitu wa asili, kingine mashamba ya wakulima kwenye mteremko mkali. Wengi wangetarajia kijito cha mashamba kikauke kiangazi. Kumbe ndicho kilichokuwa na maji mengi zaidi, kiangazi yakiwa kama maradufu ya yale ya msituni. Udongo wa pale ni wa majivu ya volkano, unafyonza mvua vizuri hata ukilimwa, na miti mirefu hunywa mwaka mzima kwa mizizi ya kina. Usiende ukakate msitu kwa kusoma hili. Kwenye udongo mwingine, unaoshikana na kuwa kama sakafu, kukata miti kunaugeuza mlima kuwa Tabata, na akiba yote inateremka siku ya kwanza. Kinachoamua ni kama mvua inapata pa kuzama, na nani anayanywa maji yakishazama. Jibu la Mbeya haliwi jibu la kila mlima.

Kwa hiyo siku hizi nikisikia mtu anasema mto fulani umepungua, namuuliza mwezi gani. Swali linaonekana la kukera, najua. Lakini mto unaweza kupungua Oktoba na kuongezeka Aprili ndani ya mwaka mmoja. Unaweza kupitisha maji yaleyale kwa mwaka, ila yote kwa pupa ndani ya wiki sita. Wastani wa mwaka hautakuonyesha hilo. Kiboko haishi kwenye wastani, na mkulima vilevile.

Mwaka 2010 ulifika ukapita, na Ruaha Mkuu ukaendelea kukatika hifadhini wakati wa kiangazi. Mjomba ana rafiki yake wa zamani, mfugaji wa Kisukuma, aliyeondoka na familia yake mwaka ule wa 2006. Sasa yuko upande wa Kilwa. Ng'ombe wengine walifia njiani, wengine aliwauza kwa bei ya hasara, na watoto wake wadogo hawaijui Usangu ila kwa kusimuliwa. Bado wanapigiana simu, hasa mwisho wa mwaka. Anauliza bei ya mchele, anauliza nani amefariki, halafu anauliza kama mto bado unakauka.

Mjomba humjibu kweli: bado.

"Na ng'ombe zangu hazipo miaka yote hii," jamaa humwambia. "Sasa anayakunywa nani?"

Mjomba anasema hapo huwa wananyamaza kidogo, wote wawili, kisha wanarudi kwenye bei ya mchele.